Njia Zinazopinda Mchangani

Kitabu cha mpango wa mji wetu kina kurasa mia moja na arobaini. Nilikisoma chote, kidogo kidogo, kila jioni nikitoka kazini, kwa majuma matatu. Mna picha tano za ukuta wa msikiti wa kale, kila moja imepigwa upande wake. Mna picha ya popo wanaolala katika ukuta huo. Mna shukrani kwa dereva aliyewaendesha wapangaji, kwa jina lake na la baba yake. Jina la Bi Mwanahija binti Pazi halimo ila katika orodha ya mahudhurio, wala halikutajwa hata pale penye habari zake mwenyewe. Kwa hiyo nitaziandika mimi.

Mji wetu ni Mgongeni, mji mdogo wa pwani, ukitoka Kivinje kama unakwenda Lindi. Watu wake ni wavuvi na wachuuzi wa tangu zamani, na nyuma yetu kuna vijiji vya wakulima wa korosho ambao tumeoana nao hata hatutengani tena. Baba yake Bi Mwanahija alikuwa mvuvi wa hapa hapa, na mama yake Mmwera wa Rondo. Yeye mwenyewe ana miaka sitini na tisa. Anasuka mikeka ya ukili, ana mikorosho arobaini upande wa Kikole, na sauti yake sokoni inasikika kutoka kwenye samaki mpaka kwenye mchele. Akitaka kitu kwako anakisema kwa Kiswahili laini. Akikugeuzia Kimwera, ujue umeharibu.

Lakini kazi yake hasa ni nyingine. Bi Mwanahija ni nyakanga, yaani mkuu wa unyago. Mtoto wa kike akivunja ungo, yeye ndiye anayemwingiza ndani kufundwa na yeye ndiye anayemtoa. Kazi hiyo aliipokea kwa shangazi yake, Bi Kijakazi, mwaka wa themanini na tisa. Tangu hapo karibu kila mwanamke wa Mgongeni amepita mikononi mwake, mke wangu Saida akiwa mmoja wao, na binti zangu wawili. Ndiye aliyekataa kumcheza unyago mtoto yeyote kabla hajafanya mtihani wa darasa la saba, na ndiye aliyeihamishia shughuli yote kwenye likizo ya Desemba. Walimu walikwenda nyumbani kwake kumshukuru. Akawaambia, "Msinishukuru. Nendeni mkawafundishe kusoma, mimi nitafundisha yaliyobaki."

Hayo yaliyobaki mimi siyajui. Mwanamume hayajui, hayaulizi, na akiyasikia kwa bahati mbaya hujifanya hakusikia.

Kazi hiyo ina mahali pake. Ni uwanja wa mchanga mweupe nyuma ya mtaa wa Juu, kama nusu ya uwanja wa mpira, umezungushiwa minyaa. Sisi wanaume tunapaita Mchangani. Wanawake wana jina lao. Hapana jengo pale, wala kaburi, wala jiwe lililosimamishwa. Kila Alhamisi asubuhi Bi Mwanahija na wenzake watatu au wanne huingia na fagio za chelewa. Hufagia wakirudi kinyumenyume, hata wanapofika mlangoni mchanga wote una michirizi ya fagio tu, hauna unyayo hata mmoja. Amefanya hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, masika na kiangazi, na siku aliyomzika mumewe ilikuwa Jumatano, kesho yake alimtuma mkwewe akafagie kwa niaba yake kwa kuwa yeye yuko edani.

Basi mwezi wa tano wa mwaka juzi wakaja wapangaji. Ni watu wa kampuni iliyopewa kazi ya kuchora mpango kabambe wa mji, kwa sababu meli za watalii zimekuwa nyingi Kilwa na walisema nasi zitatufikia. Mkuu wao alikuwa Bwana Cletus, mtu mpole mwenye kofia ya ukindu aliyoinunua hapa hapa. Msaidizi wake alikuwa dada mmoja kijana, Grace, aliyekuwa haachi kuandika. Tuliitwa mkutanoni katika darasa la shule. Ukutani waliweka kitambaa kilichoandikwa USHIRIKISHWAJI WA WANANCHI, na chini yake picha kubwa ya mji iliyopigwa kutoka angani kwa kile kidege kisicho na rubani. Mlangoni kila mtu aliandika jina lake katika karatasi.

Watu waliifurahia ile picha kuliko mkutano wenyewe.

"Lile bati langu lile!"

"Bati gani, hilo shuka la Yasini limeanikwa."

"Shuka langu mimi halina matundu hivyo."

"Kumbe unalijua!"

Bwana Cletus alicheka pamoja nasi, kisha akaanza kuuliza kwa kijiti. Hapa pana nini? Soko. Na hapa? Bohari la zamani la korosho. Na hapa? Kwa Fakihi, mwuza samaki. Kijiti kikashuka mpaka kwenye doa jeupe nyuma ya mtaa wa Juu.

"Na hapa peupe, pana nini?"

Tulikuwa wanaume kama sitini, na kila mmoja alitazama miguu yake.

"Ni shamba la mtu?"

"Hapana," mwenyekiti wetu wa mtaa, Sadick, alijibu.

"Makaburi?"

"Hapana."

"Basi panatumika kwa shughuli gani?"

Sadick alikohoa. Akasema, "Labda aulizwe Bi Mwanahija."

Bi Mwanahija alikuwa nyuma kabisa, pamoja na wanawake. Alisimama, akaivuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso, akawa anasema na ukuta.

"Tunafagia."

"Mnafagia. Haya, halafu?"

"Halafu tunarudi nyumbani."

Wanawake wakacheka, na sisi tukacheka, kwa kuwa jawabu lilikuwa limetolewa na kila mtu amelielewa. Bwana Cletus naye alicheka. Akamwambia Grace aandike, kijiti kikasogea mbele.

Hapo tulikosea, na sitaki kumtupia mgeni kosa lote. Kwetu sisi mwanamke mzima akikujibu hivyo mbele ya watu, unajua umefika kwenye mlango wa wanawake, unaomba radhi kimoyomoyo na kupita. Tulidhani kila mtu anajua. Lakini mtu uliyekuja kupanga mji wa watu, una msaidizi mwanamke kando yako, ameshika kalamu, mbona usimwambie akawaulize wanawake wenzake faragha? Ingekuwa kazi ya robo saa. Kwenye ukuta wa msikiti walikaa siku mbili.

Mwezi wa nane walirudi kupima. Mimi ni fundi uashi, nikachukuliwa kuchanganya zege na kupanda bikoni, yale mawe ya mpaka. Tulipanda ishirini bila tatizo. Ya ishirini na moja ikaangukia ndani ya Mchangani. Bwana Cletus alipita kwenye uwazi wa minyaa bila kufikiri, akasimama huko ndani, akaniita kwa mkono.

Nilibaki nje na karai langu.

"Vipi, fundi?"

"Bwana, hapa... hapa hatupiti."

"Pana nyoka?"

"Hapana."

"Pana mwenyewe?"

"Hapana. Yaani, si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Nilitafuta neno la kumwambia ambalo halingekuwa siri ya wanawake, sikulipata. Mtu mwingine angetupa karai na kwenda zake. Mimi niliinamisha macho nikaingia. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na sikuwahi kukanyaga mchanga ule. Nikachimba, nikamwaga zege, nikatoka. Ilikuwa Jumatano.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nikasikia hodi. Saida akafungua. Alikuwa Bi Mwanahija na fagio lake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Lete kandambili zako."

Nikampa. Aliigeuza ile ya kushoto, ambayo ukanda wake nilikuwa nimeufunga kwa waya, na waya umetokeza chini ya soli. Akaitazama sana, akairudisha sakafuni taratibu.

"Saida," alisema, mimi hakunitazama tena, "huyu mume wako ana mdomo?"

"Anao mama."

"Nilidhani ana miguu tu. Basi mwambie nyayo zake nimeziacha. Tumefagia kote, zile tumezizunguka. Ishirini na mbili za kuingia, ishirini na mbili za kutoka. Na kwa kuwa upepo huu wa kusi unaweza kumwonea huruma, kila moja tumeifunika kifuu cha nazi. Zitakaa pale mpaka yeye aone namna ya kuziondoa. Na kuingia tena haruhusiwi."

Akaenda zake. Kutoka siku hiyo kila nikipita nje ya minyaa niliviona vile vifuu juu ya mchanga mweupe, safu ya kwenda na safu ya kurudi, na kati yao bikoni yangu. Saida hakunisema. Alininyamazia tu siku tatu, na chai akaninywesha bila sukari.

Mwezi wa kumi ule mpango ulibandikwa kwenye kibaraza cha ofisi, na nakala moja ya kitabu ikawekwa mezani ili watu wasome. Tangazo lilisema mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini. Bi Mwanahija husoma Kurani bila kukosea, lakini hati hizi za ofisini hazijui. Akaja kunichukua.

"Nyayo zako ziko kwangu," aliniambia. "Leo naazima macho yako."

Kwenye ramani, Mchangani palikuwa pametiwa rangi ya kijivu na namba. Nikaitafuta namba hiyo pembeni, nikasoma kwa sauti ndogo: "Eneo wazi lisilo na matumizi. Pendekezo: maegesho ya magari ya watalii, vyoo vya umma na vibanda vya vinyago."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Vyoo," alisema.

"Ndiyo mama."

"Endelea. Kitabu kinasemaje?"

Nikafungua. Sura ya urithi wa utamaduni ilikuwa na kurasa tisa, zote za ukuta. Sina ugomvi na ukuta. Umejengwa kwa ustadi ambao mimi fundi ninauheshimu. Lakini hakuna mtu aliye hai aliyeswali ndani yake, wala babu yake. Pale Mchangani mama yangu alipita, na dada zangu, na mke wangu, na wanangu, na mwaka huo huo kulikuwa na watoto kumi na wanne wanaosubiri Desemba. Cha kufa kilipewa kurasa tisa, picha na bango. Kilicho hai kilipewa vyoo.

Nikafika ukurasa wa sitini na tatu. Pameandikwa hivi: "Wananchi walishirikishwa kikamilifu na kuridhia mapendekezo yote. Orodha ya mahudhurio imeambatishwa." Na kweli imeambatishwa. Jina langu ni la kumi na nane. Jina la Bi Mwanahija ni la arobaini na moja, ameliandika mwenyewe kwa hati za Kiarabu, limenyooka na kupendeza kuliko mengine yote.

Nilimweleza. Akaweka kidole chake juu ya jina lake.

"Mimi pale mlangoni niliandika kwamba nimekuja," alisema. "Kumbe waliandika kwamba nimekubali?"

Nimejenga nyumba za watu miaka thelathini. Mwenye nyumba akija kutazama msingi siendi kusema ameridhika na paa.

Tulimkuta Bwana Cletus ofisini siku ya pili yake, yeye na Grace na mwenyekiti Sadick. Bi Mwanahija hakukaa alipopewa kiti.

"Mama yangu," Bwana Cletus alisema, kwa adabu kabisa, "siku ile ulikuwepo. Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya wanaume?"

"Basi sema sasa, nakusikiliza."

Sadick na mimi tulitazamana, tukatoka nje bila kuambiwa. Tukiwa kibarazani tukamsikia Bi Mwanahija.

"Na wewe baba, kwani wewe ni nani?"

Bwana Cletus akatoka, akiwa anacheka kidogo, akaungana nasi. Ndani akabaki Grace. Walikaa kama robo saa, ile ile robo saa niliyoisema. Walipotoka, Grace alikuwa amefunga daftari lake.

"Bosi, pale si eneo wazi," alisema.

"Panafanyika nini?"

"Siwezi kusema."

"Grace, siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba huwezi kusema."

"Najua. Lakini siwezi."

Kumbe Grace ni mtoto wa Masasi, naye amechezwa. Baadaye alimwambia Saida kwamba tangu siku ya mkutano alikisia, ila bosi wake alikuwa ameshamwambia aandike "eneo wazi", naye akaandika. Niliposikia hivyo moyo wangu ulimlainikia kidogo. Zege nililimwaga kwa namna hiyo hiyo.

Bwana Cletus alieleza, na sisemi kwamba alieleza kwa ubaya. Alisema eneo haliwezi kuandikwa urithi bila maelezo. Panafanyika nini, lini, na watu wangapi, vifaa gani, nyimbo gani, na picha zikiwapo. Bila hayo, wakubwa wake wataona ni mchanga mtupu.

"Nikikuandikia yote hayo," Bi Mwanahija akauliza, "patabaki nini cha kulinda?"

Sadick akaona ajitie kusuluhisha. "Labda, Bi Mwanahija, tuonyeshe kipande tu. Kile kidogo cha mwanzo, kisicho na uzito."

Bi Mwanahija akamgeukia. "Sadick, mkeo nilimtoa mimi. Nianze na kipi katika vile nilivyomfundisha juu yako?"

Mwenyekiti akakumbuka kuwa ana shughuli posta. Hata Bwana Cletus ilimbidi avue kofia ajifunike uso. Akasema mkutano wa pingamizi ni baada ya wiki mbili, tulete ushahidi wowote tulio nao, atauandika.

Wiki ya kwanza ikapita. Bi Mwanahija alikuwa haongei sokoni. Mikeka aliikunja na kuikunjua, mtu akitaja bei ya chini alimpa. Saida alisema usiku hali chakula, na kwamba amewaambia wenzake wawili: ikiwa lazima kuandika, basi ataandika, halafu yeye ataacha unyakanga, maana atakuwa ameuza kitu alichokabidhiwa. Desemba wale kumi na wanne wapelekwe Kikole, wakaombe uwanja wa watu.

Ushahidi niliupata kwa baiskeli. Nilikuwa natoka kazini na mfuko wa saruji nyuma, jua kali, nina kiu, na nyumba yangu ninaiona kabisa ng'ambo ya Mchangani. Nikaufuata ukingo wa minyaa kama siku zote, kuzunguka kote kule. Nilipofika nikateremka, nikarudi kwa miguu huku nahesabu. Kukatiza moja kwa moja, kwa jicho la fundi, kungekuwa hatua themanini. Kuzunguka ni mia moja na sabini. Nimezunguka hivyo maisha yangu yote, mara nne kwa siku, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza.

Mkutano ulikuwa katika darasa lile lile, na picha ile ile ukutani. Safari hii mlangoni hakuna aliyeandika jina. Karatasi ya mahudhurio ilikaa mezani na kalamu yake, tumeipita kama vile hatuioni. Bwana Cletus aliuliza mwenye pingamizi ni nani. Bi Mwanahija alisimama, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Nilijua ni kitu gani.

Nikanyosha mkono. Mimi si mtu wa kusema mikutanoni, watu waligeuka kutazama kama kuna nyumba imeanguka.

"Naomba niisogelee picha," nikasema.

Nikaenda. Nikaweka kidole. "Bwana, njia hii ni ya wapi?"

"Ya kutoka mtaa wa Juu kwenda sokoni," alisema Bwana Cletus. "Tumeiandika."

"Imenyooka?"

"Imepinda hapa."

"Imepinda kwa nini? Pana mto?"

Akaangalia. "Hapana."

"Pana kilima? Pana nyumba ya mtu?"

"Hapana."

"Na hii ya msikitini? Na hii ya pwani? Na hii ya shuleni?" Nikazifuata zote kwa kidole, moja moja. Zilikuwa saba. Zote zinakuja zimenyooka mpaka ukingoni mwa lile doa jeupe, zikifika pale zinapinda, zinazunguka, na kunyooka tena ng'ambo. Hakuna hata moja iliyokatiza. Mwenye kuchora njia hizo ni yeye mwenyewe Bwana Cletus, kwa rangi nyekundu, na hakuziona.

"Mmeuliza hapa pana nini," nikasema. "Sisi wanaume hatujui pana nini. Hatujui, na baba zetu hawakujua. Tunachojua ni kwamba hatupiti. Hata tukiwa na jeneza begani, na mvua inanyesha, tunazunguka. Hatua mia moja na sabini badala ya themanini. Nendeni mkahesabu. Watu gani hawa wanaozunguka mchanga usio na matumizi?"

Mzee Fakihi akasimama na fimbo yake. "Nina miaka themanini na moja. Sijapakanyaga."

"Mimi nina bodaboda," Yasini alisema. "Abiria ananipigia kelele kachelewa basi la Lindi, nazunguka naye. Akitaka ashuke akakatize mwenyewe. Hajawahi kushuka."

Mwingine akasimama, na mwingine. Hata Sadick alisimama. Kila mmoja alisema jina lake na umri wake na neno hilo moja: sijapakanyaga. Grace alikuwa anaandika, mkono wake haufuati kwa kasi ya watu. Walipokwisha nikaona limebaki langu.

"Nassibu, fundi uashi, miaka hamsini na mbili," nikasema. "Mimi nimepakanyaga. Mara moja, kwa kazi yenu. Nyayo zangu zimefunikwa vifuu mpaka leo, arobaini na nne, mtu akitaka ushahidi avitazame kwa nje."

Nyuma kabisa Bi Mwanahija alikuwa bado amesimama. Aliitia ile karatasi katika ncha ya kanga, akapiga fundo, akaketi.

Mpango mpya ulitoka baada ya mwezi mmoja. Maegesho yamehamishiwa kwenye bohari la zamani la korosho, mahali ambapo mtu yeyote wa Mgongeni angewaambia siku ya kwanza. Mchangani pametiwa rangi ya kijani na kuandikwa "Eneo la utamaduni." Watu walipiga vigelegele kibarazani. Mimi niliendelea kusoma, na mstari wa chini yake ukanikata maini: "Inapendekezwa eneo litumike kwa maonyesho ya ngoma za jadi kwa wageni." Ukurasa wa sitini na tatu haukuguswa. Bado unasema tulishirikishwa kikamilifu na kuridhia yote. Yaani tuliridhia vyoo, kisha tukaridhia kutokuwa na vyoo, na mara zote mbili kikamilifu.

Pamoja na kitabu ilikuja fomu ya kujazwa na "msimamizi wa eneo." Bi Mwanahija alikuja nayo barazani kwangu, akakaa chini, akanyosha miguu.

"Wanataka nini tena?"

"Pameandikwa: shughuli zinazofanyika katika eneo. Wameweka mistari minane."

"Andika. Tunafagia."

Nikaandika. "Na mistari saba iliyobaki?"

"Ikate."

Nikaikata. "Wanauliza na habari ya maonyesho kwa wageni, mama. Siku zipi na saa ngapi."

Akafikiri. "Andika Alhamisi, saa moja asubuhi. Wanawake tu. Waje na fagio zao."

Niliandika hivyo hivyo, akatia jina lake chini kwa hati zake. Ilipelekwa. Jawabu halijaja, na mtalii mwenye fagio hatujamwona.

Bikoni ilibaki ndani. Sisi hatuna ruhusa ya kuing'oa, na watu wa kupima hawakuja. Mwisho alikuja Grace, peke yake, siku ya mapumziko yake, amevaa kanga. Wanawake walimpokea kwenye uwazi wa minyaa. Alichimba mwenyewe kwa jembe la Bi Mwanahija, akaitoa vipande vipande kwenye karai, nami nikavipokea nje. Zege lilikuwa zuri, lilimtesa. Desemba watoto kumi na wanne waliingia, na wakatoka, na zaidi ya hapo sijui.

Alhamisi ile aliyokuja Grace, Saida alirudi na kapu kichwani. Akalitua jikoni. Nilipochungulia nikaona vifuu vya nazi. Nikavihesabu, arobaini na nne. Akavipanga mafigani, akaviwasha, akainjika wali. Chai ya jioni ilikuwa na sukari.